Upana wa Vidole Vitatu

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka
wakimkusudia mwenye majivuno.
Hawakumkusudia Nazibrola
wa ghorofa ya nne, mtaa wa Sololaki, Tbilisi,
ambaye kupanda kwake ni kazi ya magoti tu,
ila kushuka
ni kutia mguu katika uvumi.

Jicho lake la kulia limebaki pindo:
katikati pameungua,
kama pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa.
Ndivyo aelezavyo mwenyewe,
alishona makoti miaka thelathini na minane.
La kushoto halisemi lolote.
Akinitazama usoni hanioni.
Akitazama sikio langu ananiona kidogo, anacheka:
"Umenenepa, Badri."

Ngazi zetu ni za mawe, kijivu juu ya kijivu,
chini ya taa inayozimika yenyewe
kabla hujafika ghorofa ya pili
(kamati ilipitisha hivyo, kubana umeme).
Vidato sitini na saba.
Cha mwisho ni kifupi. Fundi wa zama zile
alikosea hesabu, au alikuwa na njaa,
na hicho ndicho kilichomvunja nyonga Lamara
mwezi wa Februari,
naye ana macho mawili mazima.

Basi tukachanga. Lari tano kila mlango;
Guram akatoa mbili, na maoni.
Nikanunua rangi ya manjano, kopo kubwa, yenye kung'aa,
nikapaka usiku wa Ijumaa na Jumamosi nzima,
kila kidato chote, juu na mbele,
mpaka ngazi zikawaka kama mahindi yaliyoanikwa.
Nikasubiri sifa.

Nazibrola akasimama kileleni, kiganja ukutani.
Akanyamaza kitambo.
"Mwanangu, zamani sikuona ngazi za kijivu.
Sasa sioni ngazi za manjano."

Akaketi pale pale, sketi ikashika rangi,
akanifunza kama mwanagenzi wa cherehani:
"Nguo huisha kwenye upindo.
Ukinipa gora zima la rangi moja
nitajuaje lilipokatwa?
Nipe ukingo. Vidole vitatu juu, viwili mbele,
basi. Kwingine kote rudisha kijivu.
Na rangi isiyong'aa, tafadhali,
maana king'aacho kwangu ni maji,
na kwenye maji huwa nasita.
Wala usiruke hata kimoja.
Utakachokiruka ndicho nitakachokikanyaga."

Nikarudia. Siku tatu, mgongo ukilia,
nikipima kwa vidole vyangu, kisha nikikumbuka
kuwa vyake ni vyembamba, nikipima upya.
Guram akapita juu yangu akisema
jengo letu litafanana na kituo cha treni.
Usiku ule nilisikia msumeno wa chuma.
Asubuhi, kishikio, ambacho miaka yote
kiliishia vidato viwili kabla ya sakafu
kama hadithi ya mlevi,
kilikuwa kimefika chini, kikapita hatua moja zaidi,
kikakunjika kuelekea ukutani.
Hakuna aliyekiri.

Naye Nazibrola akafunga ukanda wa ngozi
chini ya kishikio, penye kila ghorofa:
vifungo vitatu, viwili, kimoja.
Pale kwenye kidato kifupi akashona
kifungo cha pembe, kikubwa, cha koti la baridi,
la mteja, alisema, ambaye hakurudi kulichukua.

Jumanne akashuka. Nilikuwa nyuma yake,
nimekatazwa kumshika.
Nyayo zake zilikuwa zikiuliza, kisha zikaacha kuuliza.
Alikemea mara moja tu:
"Nani katandika zulia la maua hapa?
Maua yanameza ukingo!"
(Ni la Lamara. Liliondoka kabla ya chakula cha mchana.)

Chini kabisa kidole chake kikagusa pembe.
Akainama, akageuza uso pembeni,
akakitazama kidato kifupi kwa pindo la jicho,
kitambo kirefu,
kama mtu uliyesimuliwa habari zake miaka mingi.
"Kumbe ni wewe," akakiambia.

Akatoka kununua mkate.
Taa ikazimika.
Kuhusu taa, kamati bado inakutana.